Matuta ya uani, kinyungu cha bondeni au kungoja mvua: chaguo la bustani ya mboga baada ya kipupwe

Kipupwe kinapoanza kulegea katikati ya Agosti, familia nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huwa na swali moja la kuamua, nalo ni mahali zitakapotoka mboga za miezi mitatu au minne inayofuata. Mahindi yamekwisha kuvunwa, shamba kubwa limepumzika, na mvua za msimu hazitarajiwi kabla ya katikati au mwisho wa Novemba. Njia zilizo mbele ya familia ni tatu. Ya kwanza ni kulima matuta machache uani na kuyamwagilia kwa ndoo. Ya pili ni kushuka bondeni na kulima kinyungu, kwa kutegemea unyevu uliobaki ardhini. Ya tatu ni kununua mboga sokoni kwa sasa na kungoja mvua ndipo bustani ianze. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa ajili ya familia inayolimia chungu chake zaidi ya soko, na inayotegemea mikono ya watu wa nyumbani, yaani wazazi, watoto wa shule, na mara nyingi bibi au babu anayeishi nao.

Ni haki kwa msomaji nikisema mapema ninakoelemea. Kwa familia yenye uwanja na bomba au kisima kilicho karibu, naamini matuta matatu ya uani yana faida kuliko robo ekari ya bondeni, ingawa udongo wa bondeni mara nyingi ni bora zaidi, kwa kuwa mboga za majani zinataka kuonwa kila siku na kuchumwa kila siku. Hata hivyo zipo familia ambazo kwao kinyungu ndicho chaguo lililo sahihi, na sababu zake zinahusu maji na nguvu kazi zaidi ya mazoea.

Baridi na tarehe ya kuanza

Iringa mjini pako kwenye mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini zipatazo 1,700, Njombe hukaribia 2,000, na maeneo mengi ya Makete huzidi hapo. Kwa hiyo tarehe moja ya kupanda haiwezi kuwafaa wote. Mkazi wa Iringa anaweza kuotesha mchicha mwishoni mwa Agosti na ukaota vizuri, ilhali mwenzake wa Makete akifanya hivyo ataona miche iliyodumaa, yenye majani mekundu, isiyokua wala kufa. Kwa wa Makete na Njombe ni afadhali kuanza na mboga zinazovumilia baridi, kama kabichi, sukuma wiki, chainizi, karoti na njegere, na kuuacha mchicha hadi Septemba iingie barabara.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba bonde lina baridi kuliko kilima kilicho juu yake. Hewa iliyopoa usiku ni nzito, hivyo huteremka kwenye miteremko na kujikusanya chini, na ndiyo maana asubuhi ya Julai au Agosti sakitu, yaani umande ulioganda, huonekana imetanda kwenye majani ya bondeni wakati nyumba zilizo mgongoni mwa kilima hazina hata chembe. Maharage, maboga, viazi na nyanya huungua kwa usiku mmoja wa namna hiyo. Mwenye kinyungu, basi, ana sababu ya kuanza kazi ya ardhi mapema, Julai au Agosti, lakini hana sababu ya kuharakisha mazao laini. Mwenye uwanja ana nafuu hapa, kwa sababu ukuta wa nyumba huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Kitalu kikiwekwa upande wa kaskazini wa nyumba hupata jua jingi zaidi, kwa kuwa mwezi Agosti jua la mchana hupita kaskazini mwetu. Ni katikati ya Oktoba ndipo linapotupitia utosini.

Maonyesho ya Nane Nane yanayofanyika kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya yanaangukia wakati unaofaa kabisa kwa mipango hii. Ni vema kwenda na watoto, kwa sababu vipando vya mfano vinavyooteshwa pale huwaonyesha mboga zilizopandwa kwa nafasi sahihi na zilizokomaa, na mtoto aliyeiona kabichi iliyofunga vizuri huelewa haraka kwa nini anaambiwa aache sentimita 45 kati ya mche na mche. Mbegu zikinunuliwa wiki hiyo na kusiwa kitaluni katikati ya Agosti, miche itakuwa tayari kuhamishwa baada ya wiki nne hadi tano, yaani kwenye wiki ya pili au ya tatu ya Septemba, ambapo hatari ya sakitu imepungua sana.

Maji: hesabu ya ndoo

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Septemba na Oktoba katika nyanda hizi jua ni kali na upepo ni mkavu, na tuta lililofunikwa na majani ya mboga hupoteza lita zipatazo 5 kwa siku katika kila mita moja ya mraba. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 litahitaji lita 25 kwa siku, yaani ndoo ya lita 20 na robo yake. Matuta matatu ya namna hiyo yatahitaji lita 75, takriban ndoo nne. Kwa mwezi ni lita 2,250, na kwa kuwa uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, msomaji anaweza kuzidisha uniti mbili na robo kwa bei anayotozwa mahali alipo na kuona kama gharama hiyo inazidi au inapungukiwa na fedha anayoacha sokoni kila mwezi kwa ajili ya mboga. Miche michanga hutumia chini ya hapo, na matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa vidole vitatu au vinne hupunguza upotevu kwa kiasi kinachoonekana kwa macho.

Ndoo nne kutoka kwenye bomba la uani ni kazi ndogo ya jioni. Ndoo hizo hizo zikitoka kwenye chemchemi iliyo nusu kilomita kutoka nyumbani zinakuwa safari nne za kilomita moja kwenda na kurudi, yaani kilomita nne kila siku, na nusu ya mwendo huo mtu ana lita 20 kichwani. Hakuna familia inayopaswa kujitwisha mzigo huo kwa ajili ya mchicha. Anayechota maji mbali ana njia mbili za busara: kulima tuta moja tu na kulinywesha kwa maji yaliyooshea mboga, mchele na vyombo visivyo na sabuni nyingi, au kuyafuata maji yalipo, yaani bondeni.

Kinyungu hunywa kutoka chini. Maji ya ardhini yako karibu, mizizi huyafikia, na mkulima hulazimika kumwagilia siku za kupandikiza tu na mara chache baadaye kwenye kingo zinazokauka. Ziara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kwa upande wa maji pekee kinyungu kinashinda, tena kwa mbali, na ingekuwa maji ndilo jambo pekee la kupima makala haya yangeishia hapa.

Kuhusu saa ya kumwagilia, ni vizuri mwezi Agosti kumwagilia asubuhi baada ya jua kuchomoza, ili udongo usilale ukiwa baridi na majani yasibaki na unyevu usiku kucha. Ifikapo Oktoba jioni ndiyo bora, kwa sababu maji hupata usiku mzima wa kuzama kabla ya jua kuyachukua.

Mikono ya nyumbani

Kazi ya kinyungu ni nzito mwanzoni na nyepesi baadaye. Nyasi na matete hufyekwa, hugeuzwa na kufukiwa chini ya tuta, na mifereji huchimbwa kati ya matuta ili maji yasituame. Hiyo ni kazi ya watu wazima wawili au watatu wenye afya kwa siku kadhaa mfululizo. Baada ya kupanda, shughuli hupungua hadi palizi na ulinzi. Kazi ya uani ina sura nyingine kabisa: siku ya kulima ni moja au mbili, na baada ya hapo kinachotakiwa ni nusu saa kila siku bila kuruka, kwa miezi mitatu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni aina ya msaada ambao familia inao. Nyumba yenye kaka wawili walio kati ya kazi za msimu mmoja na mwingine ina nguvu ya kinyungu. Nyumba yenye mama anayefanya biashara sokoni, bibi, na watoto watatu wanaosoma shule ya msingi haina nguvu hiyo, lakini ina kitu ambacho kinyungu hakiwezi kukitumia, yaani macho ya mchana kutwa na nusu saa nyingi ndogo ndogo. Mtoto anayerudi shuleni saa kumi hawezi kwenda bondeni na kurejea akiwa na mboga kabla giza halijaingia mnamo saa moja, na wala mtoto mdogo hapaswi kuachwa peke yake karibu na mifereji yenye maji. Uani, mtoto huyo huyo ni mkulima kamili.

Mgawanyo wa kazi uendane na umri. Watoto wa miaka mitano hadi minane wanaweza kupunguzia miche iliyosongamana, kuokota konokono, kufukuza kuku na kumwagilia kitalu kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Tuta lisizidi upana wa mita 1 ili mikono yao ifike katikati bila kukanyaga udongo. Wenye miaka kumi na kuendelea wanaweza kubeba ndoo ya lita 10, kupandikiza kwa kamba iliyofungwa mafundo kwenye kila sentimita 30, na kuandika tarehe za kusia mbegu. Ningependekeza kila mtoto akabidhiwe mboga yake inayokua upesi: mchicha huanza kuvunwa wiki ya tatu au ya nne, na chainizi wiki ya tano au ya sita. Kumkabidhi mtoto kabichi, ambayo humweka akingoja miezi mitatu, ni kumchosha kabla hajaipenda kazi.

Bibi, akiwepo, apewe kitalu. Kitalu kinahitaji mtu anayekiangalia mara kadhaa kwa siku, anayejua lini kukifunika kwa majani na lini kukifunua ili miche isirefuke na kulegea. Wazee wengi pia ndio wenye mbegu za mnavu na maboga ya kienyeji zilizohifadhiwa kwenye majivu, mbegu zilizozoea baridi ya hapa ambazo si rahisi kuzipata kwenye duka la pembejeo. Ni vema wajukuu wazipokee pamoja na maelezo yake wakati mwenyewe bado anaweza kuwaonyesha.

Kuna mambo mawili ambayo familia inapaswa kuyazungumza waziwazi kabla ya kuanza. La kwanza ni shule: darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba na kidato cha nne Novemba, na mtoto aliye katika madarasa hayo asiwekwe kwenye zamu ya maji mpaka amalize. La pili ni mama. Katika nyumba nyingi bustani huanzishwa na wote na kuendeshwa na mama peke yake kuanzia wiki ya tatu. Bustani iliyoegemezwa kwa mtu mmoja hufa Oktoba, pale maji ya bomba yanapoanza kutoka kwa mgao na yeye kulazimika kuchagua kati ya kufua na kumwagilia. Zamu ziandikwe, baba awe na siku zake, na idadi ya matuta ilingane na zamu zilizopatikana. Zamu zikitosha tuta moja, lilimwe tuta moja.

Udongo, na jinsi tuta linavyokaa

Katika mwezi huo huo wa Septemba tuta la uani na tuta la bondeni hutengenezwa kwa namna zinazopingana, na anayehamisha mazoea ya sehemu moja kwenda nyingine hupata hasara. Uani, wakati wa kiangazi, tuta linatakiwa kuzama: udongo hushushwa sentimita 10 hadi 15 chini ya njia, na kingo huachwa juu ili maji yote yabaki kwenye mizizi. Wengine huliita jaruba. Tuta la kuinuka katika ukame hukauka pande zote na kula ndoo zaidi. Bondeni, kwa sababu maji yako karibu mno, tuta huinuliwa juu ya mfereji ili mizizi ipumue.

Udongo wa uani mara nyingi umekanyagwa kwa miaka na una mabaki ya tofali na saruji. Uchimbwe kwa kina cha jembe zima, mawe yaondolewe, na kila mita ya mraba ipewe debe moja la samadi iliyooza vizuri au mboji. Samadi ya kuku ni kali na ikiwa mbichi huunguza mizizi, hivyo ilale walau miezi miwili. Kinyungu hakihitaji samadi nyingi kwa sababu nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa chakula, ila ni lazima kuzipa wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Nyasi zinazoanza kuoza huichukua naitrojeni ya udongo, na miche inayowekwa mapema hugeuka manjano.

Mboga ipi iende wapi

Mboga inayochumwa mara kwa mara ikae karibu na jiko, na inayovunwa kwa mara moja inaweza kukaa mbali. Kwa msingi huo, uani panafaa mchicha, chainizi, sukuma wiki, spinachi, mnavu, figiri, giligilani na vitunguu vya majani. Sukuma wiki ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote kwa anayeanza, kwa sababu mche mmoja uliopandwa Septemba huchumwa kuanzia Novemba na, ukitunzwa, huendelea kwa miezi mingi. Miche ishirini kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 hutoa kitoweo cha familia ya watu watano au sita mara mbili kwa wiki hivi. Bondeni panafaa kabichi, maharage, viazi mviringo, mahindi ya kuchoma na maboga. Kwa maharage, aina zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Uyole, kama Uyole Njano, zimetafitiwa katika hali ya hewa yetu hii hii. Karoti inafaa popote penye udongo laini, mradi isiwe ya kuhamishwa: husiwa moja kwa moja na kupunguziwa hadi sentimita 5 au zaidi kati ya mche na mche.

Nyanya zinahitaji maneno yake. Kila familia inazitaka, na hakuna kati ya njia hizi tatu inayozifaa kwa ukamilifu. Wakati wa mvua bakajani, ugonjwa wa majani, huteketeza shamba kwa siku chache. Wakati wa kiangazi bakajani hupungua, lakini kantangaze, nondo aliyeingia nchini mwaka 2014 ambaye viwavi wake huchimba njia ndani ya majani na matunda, huongezeka pamoja na utitiri. Bondeni, ambako mkulima hufika mara mbili kwa wiki, kantangaze huwa ameshamaliza majani kabla hajaonekana. Uani, kwenye miche minane au kumi iliyofungwa kwenye fito kwa nafasi ya sentimita 60, mtoto anaweza kukagua kila jani jioni, kulichuma lenye michoro na kulifukia au kulichoma. Ni kwa ukaguzi huo tu ndipo nyanya za nyumbani hupatikana bila dawa nyingi, na ni sababu nyingine inayonifanya niipe nyanya nafasi uani, tena chache, na kuinyima kabisa nafasi bondeni.

Kuku, ng'ombe na wadudu

Adui wa uani ni kuku, na kuku watatu wanaweza kumaliza kitalu kabla ya chai ya asubuhi. Uzio wa wavu, matete au fito zilizosukwa ni sehemu ya gharama ya kuanza, usiachwe kuwa jambo la baadaye. Adui wa kinyungu ni ng'ombe wanaoshushwa bondeni kutafuta majani mabichi kiangazi, na pia wezi wa kabichi zilizokomaa. Kwa hao uzio wa fito hausaidii sana, na familia isiyo na mtu wa kulinda ihesabu kwamba sehemu ya mavuno si yake.

Sota, wadudu wanaokata miche shinani usiku, wapo kote. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka shina husaidia, na vilevile kufukua udongo kando ya mche uliokatwa asubuhi na kumwondoa sota mwenyewe. Dhidi ya vidukari, pareto inayolimwa katika wilaya kama Makete na Mbeya Vijijini ni msaada ulio karibu nasi: maua yaliyokaushwa na kusagwa hulowekwa kwenye maji, huchujwa na kunyunyizwa jioni, kwa kuwa jua huiharibu nguvu yake na kwa kuwa nyuki huwa wamerudi mizingani. Anayetumia dawa za dukani asome kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna na kuziheshimu, hasa katika bustani ambayo watoto huchuma na kula papo hapo.

Mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kwa mtu wa Iringa jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwani maji ya Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu na kuelekea mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na mvutano kuhusu vinyungu umekuwa wa miaka mingi. Najua vinyungu vimelisha vizazi na sipendi kuvitaja kama uharibifu kwa ujumla. Lakini anayefikiria kufungua kipya apime umbali kwanza na kumwona ofisa ugani au serikali ya kijiji, na asiguse chanzo cha maji hata kama jirani amekigusa. Kama mita 60 hazipatikani, chaguo la kinyungu limekwisha kwa familia hiyo.

Anayengoja mvua

Kungoja kunaonekana kuwa rahisi: hakuna ndoo wala bonde. Tatizo ni kwamba mvua zinapoanza, familia nzima inahitajika kwenye mahindi, na bustani hupata mikono iliyochoka. Mboga za majani huota kila mahali, bei sokoni hushuka, na bustani inakuwa na faida ndogo katika kipindi hicho hicho inapodai palizi nyingi. Magonjwa ya ukungu nayo hushamiri. Kungoja kunaifaa familia isiyo na maji karibu, isiyo na bonde halali, au yenye mgonjwa wa kuuguza, na kuna watu walio katika hali hizo ambao wasilaumiwe. Kunawafaa pia kwa namna fulani wakazi wa Tukuyu na maeneo mengine ya Rungwe, ambako mvua ni nyingi kuliko Mbeya mjini na ukame ni mfupi, hivyo hawahitaji hesabu ya ndoo niliyoieleza.

Aliyeanza uani Septemba, kwa upande wake, asiyaache matuta yake yakiwa yamezama mvua zikifika. Wiki ya mwisho ya Novemba, au mara baada ya mvua ya kwanza kubwa, matuta yainuliwe kwa udongo wa njia na samadi mpya, na mifereji ya kutolea maji ifunguliwe. Sukuma wiki iliyokwisha kushika mizizi itapita salama, na nafasi za mchicha uliokwisha zitapokea mbegu mpya zisizohitaji ndoo.

Kwa anayeishi nyumba ya kupanga

Mpangaji mwenye kibaraza tu hana haja ya kujiona yuko nje ya mjadala huu. Gunia moja la ukubwa wa kilo 100, likijazwa udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga kidogo, huku katikati kukiwa na nguzo ya mawe madogo ya kupitisha maji hadi chini, hubeba miche ipatayo thelathini juu na ubavuni. Nguzo hiyo hujengwa kwa kopo kubwa lililotolewa kitako: kopo hujazwa mawe, udongo huwekwa kuzunguka, kopo huvutwa juu, na kazi hurudiwa mpaka gunia lijae. Ndoo ndogo ya lita 10 kwa siku inatosha kiangazi. Ubavuni pandwe spinachi, chainizi na sukuma wiki, na juu viwekwe vitunguu vya majani. Karoti na kabichi haziwezi kustawi kwenye matundu ya ubavuni. Gunia liwekwe mahali linapopata jua la asubuhi na pasipo na michirizi ya paa, na mwenye nyumba aombwe ruhusa mapema, kwa sababu maji yanayochuruzika huchafua kibaraza. Likishajaa halibebeki, hivyo mpangaji akihama katikati ya msimu achume machipukizi ya ubavuni ya sukuma wiki, ayafunge kwenye kitambaa chenye maji, na kuyapandikiza kwenye udongo wenye unyevu anakohamia. Yakiwekewa kivuli kwa wiki mbili, mengi yatatoa mizizi.